Walirekebisha Ukuta, Mizani Wakaiacha

Maandiko ya kusoma kabla ya somo: Amosi 1:1, Amosi 8:4–8, Isaya 9:8–10, Zekaria 14:5, Luka 13:1–5.



Fungua Biblia yako kwenye kitabu cha Amosi, mstari wa kwanza kabisa. Wengi wetu huwa tunauruka mstari huu kwa sababu unaonekana kama anwani tu juu ya bahasha: jina la nabii, kijiji chake cha Tekoa, na wafalme waliokuwa wakitawala, yaani Uzia kule Yuda na Yeroboamu mwana wa Yoashi kule Israeli. Lakini mwishoni mwake kuna jambo la ajabu. Amosi anasema maono haya aliyapata miaka miwili kabla ya lile tetemeko la ardhi. Haelezi ni tetemeko gani. Hana haja. Wasomaji wake walilijua, kama vile leo ukimwambia Mkenya "hiyo ilikuwa kabla ya korona" hatakuuliza korona gani.

Na halikusahaulika upesi. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye, baada ya watu kwenda uhamishoni na kurudi, Zekaria bado anawakumbusha jinsi baba zao walivyolikimbia tetemeko la siku za Uzia. Hebu fikiria, vizazi kadhaa vimepita na watu bado wanahadithia mbio zile.

Leo nataka tujifunze mambo mawili. Kwanza, je, tetemeko hilo liliacha alama yoyote ardhini ambayo mtu anaweza kuiona kwa macho? Pili, na hili ndilo lenye uzito, watu walipotoka kwenye kifusi walifanya nini? Walirekebisha nini, na nini wakakiacha vilevile?

1. MAWE YANATOAJE USHAHIDI?

Kabla ya kuitikia wito wa uchungaji nilisomea biashara, na katika somo la ukaguzi wa hesabu tulifundishwa jambo moja ambalo sijalisahau: risiti moja haitoshi. Mkaguzi anataka risiti, anataka taarifa ya benki, halafu anataka aingie stoo mwenyewe ahesabu magunia. Vitu hivyo vitatu vikikubaliana ndipo anatia sahihi. Ni kanuni ile ile ya Torati, kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu.

Wanaakiolojia, yaani wale wataalamu wanaochimba miji ya kale, wanafanya kazi hivyo hivyo. Ukuta ulioanguka, peke yake, si ushahidi wa tetemeko. Ukuta huangushwa na mvua, na msingi mbovu, na adui, au na uzee tu. Sisi hapa nyumbani tunajua vizuri. Ghorofa inaweza kuporomoka usiku ambao ardhi imetulia kabisa, kwa sababu kuna mtu alikula pesa ya simiti na vyuma. Kwa hiyo mchimbaji akikuta ukuta umelala, anaanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza: umeangukaje? Ukuta uliozeeka hubomoka polepole, jiwe hapa, jiwe pale, na udongo unajikusanya katikati. Ukuta wa tetemeko huweza kulala chini mzima mzima, mistari ya mawe bado imepangana. Kule Susita, mji ulio juu ya kilima mashariki ya Bahari ya Galilaya, nguzo za kanisa kubwa la kale ziko chini mpaka leo, zimelala sambamba kama miti iliyokatwa siku moja. Hata hapo wataalamu wanaonya kwamba upande zilikoangukia hautoshi kukwambia tetemeko lilitoka wapi. Unaona? Hata shahidi mzuri anahojiwa.

Swali la pili: chini ya kifusi kuna nini? Adui akiteka mji anachukua cha thamani, anachoma moto, na mara nyingi anaacha vichwa vya mishale. Tetemeko halichagui wala halibebi kitu. Vyungu vinapatikana vimevunjikia pale pale vilipokuwa vimewekwa. Kule Pella, ng'ambo ya Yordani, wachimbaji walikuta mifupa ya watu na ya ngamia chini ya nyumba zilizoanguka. Hakuna aliyepata nafasi ya kufungua mlango.

Swali la tatu: ni lini? Hapa sarafu husaidia sana. Mji wa Beth-Sheani, ule ambao Wafilisti walitundika mwili wa Sauli ukutani, baadaye ulikuwa mji mkubwa wenye barabara za nguzo na maduka pande zote. Uliangushwa na tetemeko, na chini ya kifusi cha duka moja zikapatikana dinari za dhahabu. Ile ya mwisho kugongwa ilikuwa ya mwaka wa 131 wa Hijria, yaani kati ya mwaka 748 na 749 baada ya Kristo. Kwa hiyo duka halikuanguka kabla ya hapo. Sarafu moja imekuwa kama tarehe kwenye risiti.

Swali la nne: ardhi yenyewe inasemaje? Si mbali na Hazori, kwenye kivuko cha Yordani, Wapiganaji wa Msalaba walianza kujenga ngome mwaka 1178. Bila wao kujua waliijenga juu ya ufa wa ardhi. Leo ukisimama pale unaona ukuta umekatwa kama mkate, na upande mmoja umesogea kando zaidi ya mita 2. Sehemu kubwa ya msogeo huo ni ya tetemeko la Mei 1202. Na kule chini ya Bahari ya Chumvi, matope hujipanga mwaka baada ya mwaka, tabaka jembamba juu ya jingine, kama kurasa za daftari. Ardhi ikitikisika kwa nguvu, kurasa zile zinavurugika. Mtaalamu akichimbua na kuhesabu tabaka, anapata kumbukumbu za maelfu ya miaka.

Kwa nini nchi ile inatetemeka mara nyingi hivyo? Waliosoma jiografia watakumbuka. Bonde la Yordani limekaa kwenye mpaka wa vipande viwili vya gamba la dunia. Kipande cha Uarabuni kinasogea kuelekea kaskazini kikipita kando ya mwenzake, takriban milimita 5 kwa mwaka. Ni kidogo sana, lakini kwa miaka mia mbili ni kama mita nzima, na mawe yakikwama kisha yakaachilia ghafla, hapo ndipo tetemeko. Mpaka huo unashuka hadi Bahari ya Shamu, na Bahari ya Shamu inakutana na Bonde letu la Ufa kule Afar, Ethiopia. Sisi tuko kwenye mfumo mmoja nao. Wazee wa Subukia walihadithiwa na baba zao juu ya tarehe 6 Januari 1928, ardhi ilipopasuka huko kwa tetemeko la ukubwa wa karibu 7. Kwa hiyo Amosi hazungumzi na watu wa sayari nyingine.

2. TETEMEKO LA SIKU ZA UZIA

Sasa twende Hazori, kaskazini ya Bahari ya Galilaya. Mji huu ulichimbwa kuanzia mwaka 1955 na kundi lililoongozwa na Yigael Yadin. Miji ya kale hukaa kama chapati zilizopangwa kwenye sahani: mji ukianguka watu wanasawazisha kifusi na kujenga juu yake, na mchimbaji anashuka tabaka kwa tabaka. Katika tabaka ambalo Yadin aliliita la sita, la katikati ya karne ya 8 kabla ya Kristo, walikuta nyumba nzuri zenye ua na nguzo za mawe, lakini kuta zimeinama na kupasuka, na dari zimeshuka sakafuni. Hazikuwa nyumba zilizotekwa na jeshi. Yadin alihitimisha kwamba hili ni tetemeko, na kwamba ni lile la Amosi.

Shahidi mmoja. Mkaguzi anauliza, wengine wako wapi?

Kule Gezeri, William Dever alionyesha ukuta wa mji ambao mawe yake mazito yamepasuka na kuegemea nje. Kule Gathi, mji wa Goliathi, kundi la Aren Maeir lilikuta ukuta wa matofali uliosukumwa ukatoka juu ya msingi wake na kulala upande mmoja. Na mwaka 2021 Mamlaka ya Mambo ya Kale ya Israeli ikatangaza kwamba katika Mji wa Daudi, Yerusalemu kwenyewe, wamekuta chumba ambacho vyombo vilivyokuwa vimepangwa kando ya ukuta, mabakuli, taa, mitungi ya akiba, vyote vimepondwa na ukuta uliovipigia. Hapakuwa na alama ya moto. Na hatujui vita yoyote iliyoangusha Yerusalemu wakati huo. Ongeza hapo matope ya Bahari ya Chumvi, ambayo yana tabaka lililovurugika la karne hiyo hiyo.

Je, kila mtaalamu amekubali? La. Tarehe za vyungu hupatikana kwa makadirio ya miongo, si ya siku. Hakuna anayeweza kuchukua ukuta wa Gathi na ukuta wa Hazori na kuapa kwamba vilianguka dakika moja. Wapo wanaosema baadhi ya kuta hizo ziliangushwa na mambo mengine. Ni haki yao kuuliza, na ni vizuri waulize. Lakini ukiweka mashahidi wote mezani, kwamba nchi ile ilipigwa na tetemeko kubwa katika karne ya Amosi, hilo limesimama imara.

3. WALIREKEBISHA NINI?

Hapa ndipo somo letu lilipo, mpendwa, usisinzie.

Siku za Yeroboamu wa pili zilikuwa siku za pesa. Mipaka ilikuwa imepanuka, biashara ilikuwa imechangamka. Amosi anataja watu wenye nyumba ya msimu wa baridi na nyingine ya msimu wa joto, nyumba zilizopambwa kwa pembe za ndovu, vitanda vya pembe za ndovu. Mtu angeweza kusema nabii huyu mchungaji wa kondoo ana wivu tu, anazidisha. Lakini wachimbaji walipofika Samaria, na hasa katika miaka ya 1930, walikuta mamia ya vipande vya pembe za ndovu vilivyochongwa kwa ustadi, mapambo ya samani za matajiri. Amosi hakuwa anazidisha. Na kule Tirsa, mchimbaji Mfaransa Roland de Vaux alieleza kwamba katika mji wa karne hiyo alikuta nyumba kubwa nzuri upande mmoja, na upande mwingine vijumba vimebanana. Anayeishi jijini hapa kwetu haitaji kuelezwa picha hiyo.

Pesa hiyo ilitoka wapi? Soma sura ya 8. Wafanyabiashara wanaketi ibadani huku wakiangalia saa, sabato iishe lini wafungue duka. Wanapunguza kipimo na kuongeza bei. Mizani wameichezea. Wanauza hadi makapi ya ngano. Wanamnunua maskini kwa bei ya viatu. Kisha Amosi anauliza, kwa jambo hilo nchi isitetemeke?

Miaka miwili baadaye ikatetemeka.

Sasa turudi Hazori. Juu ya tabaka la sita kuna la tano, na la tano linaonyesha kwamba watu hawakuketi kulia. Waliondoa kifusi, wakajenga tena. Ngome ya mji ikaongezewa ukuta. Kwa macho ya biashara ni kazi nzuri sana. Uwekezaji umerudi, mji uko bora kuliko kabla.

Lakini sikiliza Isaya, aliyeanza kazi yake baada ya Amosi. Katika sura ya 9 anawanukuu watu wa Efraimu na Samaria wakisema kwa kiburi kwamba matofali yameanguka, basi sasa watajenga kwa mawe ya kuchonga. Mikuyu imekatwa, wataweka mierezi mahali pake. Yaani hata hawakuuliza. Hawakusema "tulikosea wapi?" Walisema "tutapandisha daraja." Simiti bora, fundi bora, ramani bora. Na mizani? Mizani ilirudi dukani kama ilivyokuwa, na kile kipimo kilichopunguzwa kikarudi kwenye rafu.

Waliishi na ukuta huo mpya kwa kizazi kimoja tu. Mwaka 732 kabla ya Kristo, Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru alikuja, na 2 Wafalme 15:29 inaitaja Hazori kwa jina kati ya miji aliyoitwaa. Wachimbaji nao wamelikuta jibu juu ya tabaka la tano: majivu, na ni mengi. Safari hii ushahidi ni wa moto na vita. Miaka kumi hivi baadaye Samaria yenyewe ikaanguka.

Ukuta haukuwaokoa kwa sababu ugonjwa haukuwa ukutani. Taifa ambalo maskini ameuzwa kwa bei ya viatu limeoza ndani, na siku adui akifika, nani atasimama kulipigania? Yule uliyemnyang'anya shamba?

4. TAHADHARI MBILI

Kabla hatujajiangalia wenyewe, niseme mambo mawili kwa sababu nayajua makanisa yetu.

Ya kwanza: usisambaze ambacho hakijapimwa. Kila wiki naletewa ujumbe kwenye simu, picha ya gurudumu chini ya bahari, picha ya mifupa ya majitu, na maneno makubwa kwamba wanasayansi wametetemeka. Tunasema "Amina" na kutuma kwa watu hamsini. Kisha kijana wetu anaenda chuo, anagundua picha ile ilitengenezwa kwa kompyuta, na anajiuliza kama kanisa lilimdanganya na mambo mengine pia. Hii ni hasara halisi, nimezungumza na vijana wa namna hiyo.

Angalia mfano wa Yeriko. Katika miaka ya 1930 John Garstang alichimba pale akatangaza kwamba amepata ukuta wa Yoshua, ulioanguka. Habari zikaenea duniani, vitabu vya Shule ya Jumapili vikaandika. Miaka ya 1950 Kathleen Kenyon akachimba kwa utaratibu wa makini zaidi na akaonyesha kwamba ukuta ule ni wa zamani zaidi, karibu miaka elfu moja kabla. Mji huo ulikuwa umebomoka na kujengwa mara nyingi, na matetemeko yalichangia. Je, imani yako ilianguka sasa hivi uliposoma hivyo? Isianguke. Imani yetu haikujengwa juu ya ripoti ya Garstang. Lakini mtu aliyefundishwa kwamba imejengwa hapo, siku Kenyon atakapofika atabaki bila ukuta na bila imani. Kushuhudia uongo ni dhambi hata kama unamshuhudia uongo Mungu kwa nia njema. Na hiyo nayo, jamani, ni mizani ya udanganyifu.

Ya pili: usimhukumu aliyeangukiwa. Kwa kuwa Amosi alitabiri, wengine wetu tukisikia tetemeko limepiga mahali, haraka tunasema "wamelipwa." Ngoja kwanza. Tarehe 21 Julai mwaka 365 tetemeko kubwa lilipiga mashariki ya Bahari ya Kati, na wanaakiolojia wengi wanaona kwamba ndilo lililouangusha mji wa Kourion, kisiwani Kipro. Katika miaka ya 1980 David Soren na wenzake walifunua nyumba iliyoanguka pale. Walikuta mifupa ya watu watatu: mwanamume kijana, mwanamke kijana, na mtoto mdogo. Mama amemkumbatia mtoto. Baba amejilaza juu yao kuwakinga. Na katika mabaki hayo ilipatikana pete yenye alama ya jina la Kristo.

Sasa niambie, hao walikuwa wanalipwa nini?

Bwana wetu aliulizwa jambo kama hilo. Katika Luka 13 anataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha anawageukia waulizaji na kuwaambia watubu wao. Tazama mwelekeo wa kidole chake. Hakielekei kwenye kifusi, kinaelekea kwa aliye hai anayeangalia kifusi. Amosi naye alikuwa na neno maalum, kwa watu maalum, kabla ya tukio. Mimi na wewe tunaokuja baada ya tukio na simu mkononi si manabii wa msiba wa jirani. Kazi yetu ni kuchimba kifusi, kutoa blanketi, na kujihoji wenyewe.

5. MIZANI YETU

Basi tujihoji.

Kila mmoja wetu ametikiswa wakati fulani. Kuna aliyefutwa kazi, kuna duka lililofungwa wakati wa korona, kuna ndoa iliyopasuka, kuna ugonjwa uliokula akiba yote. Na Mungu ni mwema, wengi mmejenga tena. Nyumba imesimama, duka limefunguliwa na rangi mpya, ushuhuda umetolewa hapa mbele na tumepiga makofi. Swali langu leo ni dogo: ulipojenga tena, mizani uliigusa?

Kuna gorogoro sokoni ambayo imebonyezwa chini. Ukiangalia juu imejaa mahindi mpaka yanamwagika, lakini mnunuzi anaenda nyumbani na pungufu. Wewe mwenye kibanda unajua kama gorogoro yako iko sawa. Mhasibu wa chama unajua kama daftari la wanachama na salio la benki vinakubaliana. Fundi unajua uwiano wa simiti na mchanga uliowekea ile ghorofa, na unajua ni familia ngapi zitalala chini yake. Wewe mwenye msichana wa kazi unajua mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi.

Nimeketi na mama mjane aliyenunua kiwanja kwa pesa yote ya marehemu mumewe. Alipokwenda kuweka ua akakuta watu wengine wawili wana karatasi za kiwanja hicho hicho. Aliyemuuzia si mpagani. Ni mtu wa kunena kwa lugha, mtu wa kufunga siku tatu bila maji. Mama yule hakuniuliza kuhusu kiwanja. Aliniuliza, "Pasta, yule huwa anaomba kwa Mungu gani?" Nilikosa la kumjibu haraka, na mpaka leo naliona swali lake ni la Amosi. Kwa sababu Amosi anasema wazi katika sura ya 5 kwamba Mungu amechoshwa na sikukuu na nyimbo za watu wa namna hiyo, na anataka haki ishuke kama maji.

Wapendwa, sisi Wapentekoste tunapenda mtikiso. Tunaimba juu yake, tunauomba. Matendo 4 inasema mahali walipokusanyika palitikiswa. Lakini endelea kusoma sura hiyo hiyo: baada ya mtikiso hapakuwa na mtu mwenye mahitaji kati yao, kwa kuwa wenye mashamba waliuza na kugawa. Mtikiso wa Roho ulifika mfukoni. Ukitikiswa Jumapili, na Jumatatu gorogoro yako bado imebonyea, kilichotikisika ni nini hasa?

Fanya jambo moja wiki hii. Usiahidi kumi. Chukua kipimo kimoja cha maisha yako, kiwe cha sokoni, cha kazini, au cha nyumbani, ukipime mbele za Mungu. Kama kimepungua, kirekebishe. Kama kuna mtu aliyepunjwa, mpigie simu. Zakayo alirudisha mara nne, wewe anza hata na kile kile ulichochukua.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini ukuta mmoja ulioanguka hautoshi kuthibitisha tetemeko? Kanuni hiyo itusaidieje tunapopokea ujumbe wa kidini kwenye simu?

2. Linganisheni Isaya 9:10 na Luka 13:5. Kuna tofauti gani kati ya kujenga upya na kutubu?

3. Tutamfariji vipi mwenzetu aliyepatwa na msiba bila kumhukumu? Toeni mifano ya maneno yanayoponya na yanayojeruhi.

4. Katika kazi yako, "efa iliyopunguzwa" inafananaje? Asitajwe mtu kwa jina. Kila mmoja aongee juu ya kipimo chake mwenyewe.

5. Je, kuna mtu katika ushirika wetu aliyepunjwa na mwenzetu? Tufanye nini kama kundi?

OMBI

Baba, wewe unaijua misingi ya dunia na unaijua misingi yetu. Asante kwa kutuacha hai baada ya mitikiso tuliyopitia. Utusamehe tulipofurahia ukuta mpya na kuficha mizani ya zamani. Tupe ujasiri wa kurudisha tulichochukua, na huruma kwa walioangukiwa. Wakumbuke wajane na wote walionyang'anywa. Haki yako ianzie sokoni kwetu, ofisini kwetu, na hapa kanisani. Katika jina la Yesu, amina.